Mistari Mitatu ya Tunu Kasiga

Katika nchi moja iliyo mbali kiasi cha kutomhusu mtu yeyote anayesoma hapa, serikali iliamua kwamba taifa linalojiheshimu haliwezi kuendesha kompyuta zake kwa akili za kuazima. Kwa hiyo kikaandikwa Kiini. Kiini ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ambayo mtumiaji haioni, lakini bila hiyo kibodi haielewani na skrini wala skrini haielewani na waya. Nchi nyingine nazo zina viini vyao. Hiki kilikuwa na wimbo wake, siku yake ya mapumziko, na ibara ya Katiba iliyosema kwamba Kiini hakina kasoro.

Kwa kuwa Kiini hakikuwa na kasoro, serikali iliajiri wahandisi mia mbili tu wa kuzirekebisha.

Mmoja wao alikuwa Salmini Kihore, mtu wa umri wa miaka arobaini na mmoja na miezi minne, ambaye asingekubali miezi hiyo iachwe. Salmini hakuwahi kusema "watu wengi". Alisema thelathini na sita. Kazi yake ilikuwa kadi za mtandao, yaani kile kidude ndani ya kompyuta ambamo waya huchomekwa ili kompyuta moja izungumze na nyingine. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, na mistari elfu kumi na nne mia sita na miwili aliyoiandika kwa mkono wake ilikuwa ndani ya Kiini, ikifanya kazi. Na hakuwahi kutajwa.

Kutajwa kulikuwa hivi. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi watumishi wote wa Mamlaka ya Kiini walisimama uani, na Mkurugenzi, Bwana Lugendo, akasoma kutoka jukwaani jina la mhandisi aliyeleta kiraka bora cha wiki iliyopita. Kiraka ni maandishi machache yanayoziba kasoro au, kwa lugha ya Katiba, yanayoongeza ukamilifu juu ya ukamilifu. Jina lilisomwa mara tatu kwa kipaza sauti, na saa saba mchana redio ya taifa ikalirudia kabla ya matangazo ya vifo.

Salmini hakuwa na wivu. Alikuwa amejichunguza kwa makini kuhusu jambo hilo na hakuuona. Alichokuwa nacho ni takwimu. Katika majina mia tano sabini na mawili yaliyosomwa tangu aajiriwe, lake halikuwamo hata mara moja, na la Tunu Kasiga lilikuwamo mara tisa.

Tunu Kasiga aliketi meza ya pili yake. Walisoma chuo kimoja na kuajiriwa asubuhi moja. Tunu alifanya kazi amevua viatu, akitafuna karanga juu ya kibodi, na alicheka na simu yake saa za kazi. Wastani wa viraka vyake ulikuwa mistari sita. Wastani wa viraka vya Salmini ulikuwa mistari mia moja na themanini. Salmini aliona kwamba tarakimu hizo zinajieleza zenyewe, na alishangaa kwamba kwa muda wa miaka kumi na mmoja hazikujieleza kwa mtu mwingine yeyote.

*

Kwa miaka sita kadi zote za mtandao nchini zilikuwa na tabia moja. Mtu akichomoa waya na kuuchomeka tena, kompyuta ilikaa kimya. Taa ya kijani iliwaka pale kwenye tundu kama kawaida, ila hakuna barua iliyotoka wala iliyofika, mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Tume ilichunguza suala hilo kwa miezi kumi na minne. Kwa kuwa Kiini hakina kasoro, ilibainika kwamba kasoro wanayo wanaochomoa waya.

Hapo ndipo kilipoundwa Kikosi cha Walinzi wa Waya. Kila kompyuta ya serikali, iwe posta, mahakamani, wodi ya wazazi au chumba cha maiti, iliwekewa mlinzi mwenye kofia, filimbi na kigoda, akaketi kando ya tundu ili waya usichomoke. Walikuwa elfu tisa. Walikuwa na bendi ya tarumbeta na chama chao cha wafanyakazi, na mwenyekiti wa chama hicho, Bi. Sikudhani Pazi, ndiye aliyelinda nyaya za chumba cha Salmini na Tunu. Alikuwa mama wa makamo mwenye mdomo. Salmini akipita karibu na ukuta, Bi. Sikudhani alimwambia azunguke, kwa kuwa miguu yake mirefu haina adabu.

Basi Alhamisi moja Tunu alijinyoosha kwenye kiti, na mguu wake usio na kiatu ukanasa kwenye waya wake mwenyewe. Waya ukachomoka. Bi. Sikudhani akapuliza filimbi. Utaratibu ulitaka Tunu aurudishe waya, azime kompyuta, aiwashe, na ajaze fomu ya kuomba radhi. Tunu aliurudisha waya, akaitazama taa ya kijani, akasema, "Sasa wewe umenuna nini?" Kisha, badala ya kuzima, akafungua maandishi ya Kiini na kuanza kuyasoma huku akitafuna.

Dakika arobaini baadaye alikuwa amemaliza. Salmini alijua ni arobaini kwa sababu aliitazama saa mwanzo na mwisho.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Barua zinazotoka kwenye kompyuta hupanga foleni mbele ya kadi. Waya ukichomoka, Kiini huifunga foleni, na hilo ni jambo la busara. Waya ukirudi, palitakiwa pawepo amri ya kuifungua. Haikuwepo. Aliyeandika sehemu ile alifunga mlango kwa ustadi mkubwa, kwa kufuli tatu na maelezo marefu, akaenda zake. Tunu aliuchukua ule mstari wa kufunga, akauweka chini ya sharti kwamba waya uwe umetoka kweli, akaongeza mistari miwili ya kufungua. Jumla mitatu.

Jumatatu iliyofuata alitajwa mara ya kumi. Mkurugenzi Lugendo alieleza kwamba Kiini, ambacho tayari kilikuwa kikamilifu, sasa kimekamilika, na kwamba Mlezi wa Taifa mwenyewe, baada ya kuchomoa waya wa ofisi yake na kuurudisha mara ishirini mbele ya baraza la mawaziri, ameagiza Mhandisi Kasiga avishwe nishani. Uwanja ulilipuka. Salmini alipiga makofi kumi na mawili, manne kwa kila mstari, akaona hiyo inatosha.

*

Lakini nishani haikuweza kutoka, maana fomu haikukamilika.

Kila kiraka kiliambatana na fomu yenye nafasi mbili. Ya kwanza iliandikwa Mrekebishaji, ya pili Mleta Kosa. Mrekebishaji alitajwa. Mleta kosa naye aliitwa siku hiyohiyo, akapanda ngazi ya jukwaa na kusimama akiwapa watu mgongo, huku wimbo wa Kiini ukiimbwa beti mbili. Katika nafasi ya pili, Tunu alikuwa ameandika: Haikumbukwi.

Mkurugenzi alimwita Salmini ofisini. Alimwambia kwamba neno "haikumbukwi" halimo katika orodha ya majina ya watumishi, amelitafuta. Alimtaka afuatilie mleta kosa hadi apatikane, na alete jina ifikapo Ijumaa saa tatu asubuhi. "Mhandisi Kihore," alisema, "katika jengo hili wewe ndiye pekee usiyekosea." Salmini alishukuru. Aligundua pia kwamba sifa hiyo ilitolewa mlango ukiwa umefungwa, kwa hiyo haihesabiki kuwa ni kutajwa.

Alirudi mezani akafungua Kitabu cha Mabadiliko. Hiki ni kitabu ambacho kompyuta inakiandika yenyewe: kila mstari wa Kiini, na pembeni yake jina la mtu wa mwisho kuugusa. Alikwenda kwenye mstari unaofunga foleni. Pembeni yake pameandikwa Tunu Kasiga, Alhamisi.

Aliikamata kalamu mara moja. Lakini alikuwa mhandisi, na kila mhandisi anajua kwamba mtu wa mwisho kuugusa mstari anaweza kuwa ni huyohuyo aliyekuja kuurekebisha. Ukitaka kumjua aliyeuleta, unafunua ukurasa mmoja nyuma. Akafunua.

Pameandikwa Salmini Kihore.

Ilikuwa miaka sita iliyopita, mwezi wa nne. Kiraka cha mistari mia nne na kumi na miwili, kazi aliyoipenda kuliko zote, ambayo aliisubiri itajwe kwa mwaka mzima wa Jumatatu. Kufuli zote tatu zilikuwa zake. Na chini ya kufuli ya tatu, kwa maneno yake mwenyewe, palikuwa na ukumbusho aliojiandikia: kufungua, nitaandika baada ya chakula cha mchana.

Siku ile kulikuwa na pilau. Aliikumbuka vizuri.

Aliusoma tena. Meza ya pili Tunu aliacha kutafuna, akageuka.

"Umempata?" aliuliza.

"Nafuata Kitabu."

"Achana nacho, ndugu yangu. Mpelekee bosi neno lilelile nililoandika mimi, atachoka mwenyewe." Akapunguza sauti kwa ajili ya Bi. Sikudhani. "Mtu anaandika kitu, anakwenda kula, anasahau. Nani asiyesahau?"

Ndipo Salmini alipofahamu kwamba Tunu aliuona ule ukumbusho. Aliuona tangu Alhamisi, akaijua namna yake ya kuandika kama watu wa chumba kimoja wanavyojuana, na akaandika "haikumbukwi" ili kumsitiri. Kutajwa mara kumi kwa Tunu, Salmini alikuwa amekuvumilia. Miguu isiyo na viatu, karanga, mistari mitatu na nishani, vyote alikuwa ameviweka katika jedwali na kuvivumilia. Kuhurumiwa hakukuwa na mahali katika jedwali.

Alivuta fomu karibu. Alijiuliza swali moja tu, la kitaalamu: Kitabu kinasema nini? Kitabu, ukurasa wa leo, kinasema Tunu Kasiga. Hakuna agizo lililomtaka mtu afunue ukurasa wa jana. Akaandika jina hilo katika nafasi ya pili, kwa mwandiko ulionyooka, akaisoma fomu akitafuta uongo ndani yake, na hakuuona.

Ijumaa saa tatu kasoro dakika tano aliipeleka masijala ikagongwa muhuri.

*

Wakati huohuo Walinzi wa Waya walikuwa wamekwisha kuelewa maana ya mistari mitatu. Waya ukichomoka sasa, unarudishwa tu. Anayelinda waya kama huo analinda nini?

Ijumaa hiyo, saa nne, walijaa katika ua wa Mamlaka, kila mmoja na kigoda chake, wakaketi kimya kwa safu. Mkurugenzi Lugendo alishuka na hotuba ya kuwatuliza iliyohusu uzalendo. Bi. Sikudhani alimwacha amalize ukurasa wa kwanza, akamshika mkono kama mtu anayemsaidia kuvuka barabara.

"Bosi, sisi hatuna ugomvi na Tunu, ni mtoto wetu," alimwambia. "Tunamtaka yule aliyelileta hilo kosa. Miaka yote hii mtu katuweka mjini, tumeozesha mabinti, tumesomesha, na hata mkono hatujampa. Nyie mnataka kumsimamisha atupe mgongo kama mwizi wa kuku. Mtoeni tumwone uso."

Mkurugenzi alipeleka maneno hayo juu, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kuyapeleka. Baraza la mawaziri liliketi. Wataalamu wa uchumi waliripoti kwamba kosa la waya lilikuwa mwajiri wa tatu kwa ukubwa nchini, likizidiwa na jeshi na Wizara ya Fomu. Waliulizwa kiraka cha Tunu kimeajiri wangapi. Walihesabu, wakajibu kwamba hakijaajiri mtu.

Saa kumi alasiri Mlezi wa Taifa alizungumza redioni. Alisema mrekebishaji huwafurahisha wananchi siku moja, wakati mleta kosa huwapa kazi ya kufanya maisha yao yote. Alihoji, kwa masikitiko, tangu lini taifa likawapa mgongo watu wake wenye maono. Aliagiza kiraka kibaki na walinzi wabaki, nao wakilinde kiraka. Na Jumatatu mleta kosa la waya avishwe Nishani ya Uasisi, daraja la kwanza, jina lake lisomwe mara tisa, na mzunguko mkuu wa magari mjini uitwe kwa jina lake.

Katika chumba cha kadi za mtandao Bi. Sikudhani alilia kwa furaha, akaifuta filimbi yake kwa kanga. Tunu alimtazama Salmini kwa tabasamu pana na kumkonyeza. Yeye alikuwa bado hajajua kilichoandikwa kwenye fomu.

Salmini hakukimbia. Alitembea hatua mia moja na kumi na nane hadi masijala, ambako fomu ilikuwa imekwisha kufungwa kwa utepe mwekundu, kisha hatua sitini na moja hadi kwa Mkurugenzi. Alimweleza kwamba fomu aliyowasilisha asubuhi inahitaji nyongeza.

"Umekosea?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hapana, Bosi. Ni sahihi. Ila kuna ukurasa wa nyuma yake."

"Na huko nyuma yuko nani?"

"Mimi."

Mkurugenzi Lugendo alicheka taratibu, kama mtu aliyechoka kucheka. Alimwonyesha karatasi iliyojaa majina. Tangu Mlezi amalize kuzungumza, alisema, wahandisi themanini na mmoja walikuwa wameingia humo ndani kuapa kwamba kosa ni lao. Mmoja alikuja na mama yake kama shahidi. Mwingine aliajiriwa mwaka jana. "Wewe ni wa themanini na mbili," alisema, "na katika hao wote ni wewe pekee ambaye fomu inayokupinga umeiandika mwenyewe. Kama ni ya kweli, nenda ukapumzike. Kama si ya kweli, sema, niite askari."

Salmini alisema ni ya kweli.

*

Jumatatu ua ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya mapaa ya magari ya wageni rasmi. Elfu tisa walipuliza filimbi kwa pamoja. Tunu Kasiga, aliyevalishwa viatu na watu wa itifaki, alivishwa nishani ya mrekebishaji kifua cha kulia na nishani ya mleta kosa kifua cha kushoto, na Mkurugenzi akatangaza kwamba kwa mara ya kwanza katika historia mtu mmoja amelipatia taifa tatizo na suluhisho bila kulitegemea taifa lingine lolote. Jina lake lilisomwa mara kumi na mbili. Salmini alizihesabu zote akiwa safu ya nane, kati ya wahandisi wawili ambao nao walikuwa katika orodha ya themanini na mmoja.

Kisha Tunu alifanya jambo lisilokuwemo kwenye ratiba. Alikivuta kipaza sauti.

"Nishani moja ni yangu," alisema. "Hii nyingine si yangu. Kosa la waya aliliandika Salmini Kihore. Nimeliona kwa macho yangu."

Spika zilikuwa nne, moja kila kona ya ua. Jina likatoka katika zote, likagonga kuta na kurudi. Miaka kumi na mmoja Salmini alikuwa amejiuliza litasikika namna gani kwa spika zile. Lilisikika vizuri. Lilisikika kama jina la mtu. Safu saba zilizokuwa mbele yake zikageuka kumtazama, na kwa muda wa pumzi mbili alisimama wima, mikono imenyooka, akiwa na kila kitu alichowahi kukitaka.

Jukwaani Mlezi wa Taifa alitoa leso. Alisema ameongoza kwa muda mrefu na hajapata kuona unyenyekevu kama ule: mtu amebeba heshima kubwa namna hiyo, na bado anaitoa kwa mfanyakazi wa kawaida, mtu wa pembeni tu. Aliagiza itolewe nishani ya tatu, ya Unyenyekevu, papo hapo. Bi. Sikudhani alipiga vigelegele. Uwanja ukaitikia, na safu saba zikageuka tena mbele.

Nishani ya tatu ilikuwa na fomu yake. Mkurugenzi Lugendo aliileta mwenyewe chumbani saa tano. Ilisema kwamba Mhandisi Kasiga, kwa unyenyekevu wake, alimtaja mwenzake asiyehusika, na ilimtaka mwenzake huyo athibitishe kwa sahihi kwamba kweli hahusiki.

Tunu alikuwa amekwisha kuvua viatu. Nishani tatu ziligongana kifuani mwake alipoinama juu ya meza ya Salmini.

"Usitie sahihi," alinong'ona. "Wafunulie ule ukurasa."

"Wataniuliza kwa nini niliandika jina lako."

"Waambie ulikosea. Basi. Mimi nitakuunga mkono, tumekaa chumba kimoja miaka kumi na mmoja. Sema tu: nilikosea."

Alikuwa anasema kweli, na hakuwa na kinyongo chochote usoni. Salmini aliuchunguza uso huo vizuri, kama anavyosoma maandishi ya Kiini, mstari hadi mstari, akiomba akute kinyongo japo kidogo. Hakukuwa na kitu. Angekipata, angeweza kusema lile neno.

Akaichukua kalamu.

"Jina andika kwa herufi kubwa," Mkurugenzi alimwambia, akiitazama saa yake. "Hii inasomwa redioni saa saba."

Salmini akaandika kwa herufi kubwa, akaacha nafasi sawa kati ya herufi moja na nyingine, ili msomaji wa taarifa asije akalikosea.